Chanzo Kisitangulie Uchunguzi
Barua ya wazi kwa Kitengo cha Uchunguzi wa Ajali za Ndege, Wizara ya Uchukuzi

Mombo,
Wilaya ya Korogwe,
Mkoa wa Tanga.

Ndugu wachunguzi,

Nawasalimu kutoka Mombo, chini ya Milima ya Usambara, mahali ambapo mabasi ya Dar es Salaam, Moshi na Arusha hupita mchana na usiku, na ambapo barabara ya Lushoto huiacha barabara kuu ikaanza kupanda kona kwa kona kuelekea Soni. Kwetu hakuna uwanja wa ndege. Ndege tunazisikia zikipita juu, nyingine juu ya mawingu yanayokaa mlimani asubuhi, tukaendelea na shughuli zetu. Lakini ajali tunazijua. Barabara hii imetuonyesha nyingi, na imetuonyesha pia jinsi chanzo cha ajali kinavyopatikana nchini mwetu, yaani kwa haraka mno.

Gari likipinduka alfajiri, saa nne asubuhi vijiweni jibu limeshapatikana. Dereva alisinzia. Breki zilikataa. Mwingine atashusha sauti aseme pale pana mkono wa mtu, kwa kuwa mwaka jana gari jingine lilianguka palepale. Jioni kiongozi atasimama mbele ya kamera atangaze kwamba chanzo ni mwendokasi na uzembe wa dereva, na mara nyingi dereva huyo yuko mochwari, hawezi kujibu. Baada ya tangazo hilo hakuna anayeuliza tena kona ile ilichongwaje, tairi lilikuwa la mwaka gani, au dereva alikuwa ameshika usukani kwa saa ngapi bila kulala. Pengine kweli ni uzembe. Ila hatukufika hapo kwa kuchunguza. Tulianzia hapo.

Nawaandikia ninyi kwa sababu kazi yenu ndiyo inayotakiwa kuwa tofauti kabisa na hiyo, na kwa sababu naona shinikizo la kuwafanya mfanane nayo linakua kila ndege inapoanguka. Mimi si rubani wala fundi wa ndege. Ni raia na abiria, na ninayoyaomba hayahitaji cheti cha urubani kuyaelewa.

Jumapili asubuhi, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air, safari namba PW494, aina ya ATR 42-500, ilianguka katika Ziwa Victoria ikiwa inakaribia kutua Bukoba. Ilikuwa na watu 43. Walifariki 19, wakiwamo marubani wote wawili, na 24 wakanusurika. Kabla ndege haijavutwa kutoka majini, simu zetu zilikuwa zimejaa majibu. Kuna aliyesema rubani alilazimisha kutua. Kuna aliyesema ndege ilikuwa mbovu. Kuna aliyesema hali ya hewa, kisha akanyamaza kana kwamba hali ya hewa peke yake huangusha ndege bila mtu yeyote kuamua kuruka, kusubiri, kuzunguka au kurudi. Na walikuwapo waliosema ni mapenzi ya Mungu, neno ambalo mimi kama muumini nalitamka msibani kwa moyo wote, lakini halipaswi kuandikwa kwenye ukurasa wa taarifa ya uchunguzi.

Nataka niwashukuru kwa jambo moja la wakati ule. Taarifa ya awali ilitoka mwezi huohuo wa Novemba, na ndani yake kulikuwa na maneno ambayo si mepesi kwa chombo cha serikali kuyaandika kuhusu chombo kingine cha serikali: kwamba boti ya polisi wanamaji ilichelewa kufika, kwamba mitungi ya wazamiaji haikuwa na hewa ya kutosha, na kwamba boti yenyewe ilipungukiwa mafuta. Waliofika mwanzo ni wavuvi kwa mitumbwi yao, akiwamo kijana Majaliwa Jackson ambaye nchi nzima ilimjua siku ile. Kama uchunguzi ungeanza na kuishia kwenye swali la kwa nini ndege iligusa maji, habari ya boti na mitungi isingekuwa na nafasi. Ndege kuanguka ni swali moja, na abiria kufa ni swali la pili. Watu 24 walitoka wakiwa hai kwenye ndege ileile, kwa hiyo ilikuwa lazima kuuliza nini kiliwatenganisha na wale 19: kiti walichokaa, mlango uliofunguka, dakika zilizopita, kamba, makasia, mikono. Mliuliza. Huo ndio uwazi wa fikra ninaouzungumzia, na ningependa uwe kanuni, usiwe bahati ya taarifa moja.

Kanuni yenyewe ipo. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, ambao nchi yetu ni mwanachama wake, kinasema lengo pekee la uchunguzi wa ajali ya ndege ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba si kazi ya uchunguzi huo kugawa lawama. Taarifa ya awali hutakiwa ndani ya siku 30. Taarifa kamili hutakiwa ikiwezekana ndani ya miezi 12, na ikishindikana, hutolewa tamko la maendeleo kila mwaka siku ya kumbukumbu ya ajali. Polisi na mahakama wana njia yao ya kumtafuta mwenye hatia. Njia yenu ni nyingine, na ndiyo maana mtu anaweza kuja kwenu kusema asichoweza kusema polisi. Siku mtakapoonekana mnatafuta wa kumfunga, fundi aliyesahau kukaza kitu hatafungua kinywa tena, wala mwongoza ndege aliyekuwa amechoka zamu ile.

Sasa niwapeleke Ndola, kwa sababu huko ndiko somo hili lilikoandikwa kwa gharama kubwa, na kwa sababu Mtanzania mwenzetu ndiye aliyepewa kazi ya kulifukua.

Usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, miezi isiyotimia mitatu kabla ya uhuru wa Tanganyika, ndege aina ya DC-6 iliyomchukua Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Dag Hammarskjöld, ilianguka msituni karibu na Ndola, katika Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Ilikuwa imetoka Léopoldville, Kinshasa ya leo, ikazunguka mbali upande wa mashariki hadi Ziwa Tanganyika ili kuikwepa anga ya Katanga, kisha ikashuka kusini. Hammarskjöld alikuwa akienda kukutana na Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo lililokuwa limejitenga na Kongo, kutafuta usitishaji wa mapigano. Rubani aliwasiliana na uwanja baada ya saa sita usiku, akasema anaziona taa. Kisha kimya.

Tazameni kilichofuata. Kwenye uwanja ule alikuwapo Lord Alport, mwakilishi wa Uingereza, na maelezo aliyotoa yalikuwa kwamba Katibu Mkuu lazima ameamua kwenda kwingine. Wakayapokea. Uwanja ukafungwa, watu wakaenda kulala. Mabaki ya ndege, yaliyokuwa umbali wa takriban kilomita 15 tu, yalitangazwa kupatikana alasiri ya tarehe hiyohiyo 18. Kati ya watu 16 waliokuwamo, mmoja, askari wa ulinzi Harold Julien, alikuwa hai muda wote huo, ameungua, juani. Alifariki hospitalini siku chache baadaye. Jibu moja la haraka, lililotolewa na mtu mwenye cheo, liliziba masikio ya uwanja mzima kwa saa nyingi.

Kisha ikaja tume ya serikali ya kikoloni. Msituni usiku ule walikuwako wachoma mkaa. Baadhi yao walisema waliona ndege ya pili, ndogo zaidi. Wengine walisema waliona mwanga au moto angani kabla ya ndege kubwa kuanguka. Tume iliwasikia kisha ikawatupa, na ukiisoma historia hiyo huwezi kukwepa kuona kwamba walitupwa kwa sababu ya rangi yao na kazi yao. Julien naye alizungumza hospitalini juu ya mlipuko na cheche angani. Wakasema anaweweseka. Mwaka 1962 tume hiyo ikahitimisha kwamba ni kosa la rubani. Tume ya Umoja wa Mataifa ya mwaka huohuo haikukubali kuufunga mlango. Ilisema haiwezi kuthibitisha hujuma wala shambulio, na haiwezi kuyaondoa pia. Baraza Kuu likaacha nafasi ya kuarifiwa iwapo ushahidi mpya ungejitokeza.

Nafasi hiyo ndogo ilidumu zaidi ya nusu karne. Mtafiti Susan Williams alichapisha kitabu chake mwaka 2011, tume ya wanasheria wa kujitolea ikafuata, na mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukaunda jopo la wataalamu. Aliyeteuliwa kuliongoza alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania wa wakati huo, Mohamed Chande Othman. Baadaye akaendelea na kazi hiyo peke yake kama mteule maalumu. Wachoma mkaa ambao bado walikuwa hai, wakiwa wazee sasa, walisikilizwa upya kama mashahidi, na maneno yao yakapimwa kama yanavyopimwa maneno ya mwanadiplomasia.

Hapo kwenye kupima ndipo ninapotaka mtulie nami kidogo, maana wapo wanaodhani uwazi wa fikra ni kukubali kila hadithi. Jopo la Jaji Othman lilichukua kila dai na kulipa uzito: ama halina thamani ya ushahidi, ama ni hafifu, ama ni la wastani, ama ni zito. Dai kwamba Hammarskjöld alipigwa risasi lilirudishwa kwa wataalamu wa maiti na halikusimama. Dai kwamba ndani ya ndege alikuwamo mtekaji halikusimama pia. Yalifunguliwa, yakatazamwa, yakafungwa kwa sababu zilizoandikwa. Yaliyobaki wazi yalibaki wazi. Katika taarifa zake za mwaka 2017 na 2019 Jaji hakusema ndege ile ilishambuliwa. Alisema inaelekea inawezekana kwamba shambulio au tishio kutoka nje lilichangia, akazitaka nchi zenye kumbukumbu za kijasusi na kijeshi zizifungue, akazitaja ambazo hazikushirikiana ipasavyo, zikiwamo Uingereza, Marekani na Afrika Kusini. Mzee huyu wa sheria alijizuia kusema zaidi ya ushahidi wake, na alikataa pia kusema pungufu. Ndugu wachunguzi, mna kielelezo chenu nyumbani. Kama vijana mnaowafundisha kazi bado hawajazisoma taarifa za Chande Othman, wapeni wazisome.

Ili nisionekane ninatetea kila anayesema aliona moto, nitataja ajali iliyokwenda upande wa pili. Tarehe 17 Julai 1996 ndege ya TWA, safari namba 800, aina ya Boeing 747, ilipasuka angani karibu na New York, wakafa watu wote 230. Mashahidi zaidi ya 200 walisema waliona mstari wa mwanga ukipanda angani. Wengi wakaamini ni kombora, na upelelezi wa jinai ukaendeshwa sambamba na uchunguzi wa kiufundi. Wachunguzi wakaopoa mabaki baharini, wakaijenga upya sehemu kubwa ya ndege kipande kwa kipande, na baada ya miaka minne wakaeleza kwamba mvuke wa mafuta ulilipuka ndani ya tangi la katikati, na kwamba chanzo cha cheche kinachoelekea zaidi ni hitilafu ya nyaya za umeme. Mstari wa mwanga? Watu wale hawakusema uongo. Sehemu ya mbele ya ndege ilikuwa imekwisha kukatika, na kiwiliwili kilichobaki kiliendelea kupanda huku kikiwaka. Waliona kweli, ila waliona mwisho wa tukio wakadhani ni mwanzo wake.

Kwa hiyo mchoma mkaa wa Ndola asingepaswa kutupwa, na shahidi wa New York asingepaswa kuachwa aandike hitimisho. Wote wawili walistahili swali lilelile: ulikuwa umesimama wapi, ulikuwa unatazama upande gani, na ni kitu gani kilikufanya uinue kichwa? Kama ni mshindo, basi alichokiona kimekuja baada ya mshindo, na mshindo wenyewe ulikuja baada ya jambo, kwa kuwa sauti huchukua karibu sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Aliye kilomita tano kutoka ndege ilipo amechelewa sekunde 15 kabla hata hajageuka. Shahidi akiulizwa hivyo kwa heshima anakuwa kipimo kizuri. Akiulizwa "uliona kombora?" ameharibiwa, naye huenda akaapa hadi kufa kwake kwamba aliliona.

Lipo jibu jingine la haraka linalotugusa zaidi sisi Waafrika. Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopia, safari namba 302, ilianguka karibu na Bishoftu dakika chache baada ya kuruka kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Watu 157 walikufa, na kundi kubwa zaidi lilikuwa la Wakenya, 32. Miezi isiyotimia mitano kabla, tarehe 29 Oktoba 2018, ndege ya aina hiyohiyo, Boeing 737 MAX 8, ilikuwa imeanguka Indonesia ikiua watu 189. Bado walikuwapo wanasiasa wa Marekani waliosema hadharani kwamba rubani aliyefunzwa kwao angeimudu hali ile. Mtu anaposema hivyo hahitaji tena kuitazama mashine. Na kwenye mashine ndiko kulikokuwa na MCAS, mfumo uliosukuma pua ya ndege chini kwa kuamini kihisio kimoja tu kilichotoa kipimo kisicho sahihi, mfumo ambao marubani wa mwanzo hawakuelezwa habari zake kwenye vitabu vyao. Ulimwengu uliziweka chini ndege hizo, na Marekani ilikuwa miongoni mwa wa mwisho kufanya hivyo.

Habari hiyo tunaipenda kuisimulia, na tuna haki. Lakini isimuliwe yote. Taarifa ya mwisho ya Ethiopia ilipotoka Desemba 2022, wachunguzi wa Marekani na wa Ufaransa waliipinga katika mambo mawili. Walisema inaelekea kihisio kile kiligongwa na kitu kutoka nje, pengine ndege wa porini, ilhali Ethiopia ilisema ni hitilafu ya umeme na ya kiwandani. Walisema pia taarifa haikuuchunguza vya kutosha utendaji wa marubani. Hakuna kati ya haya linaloiondolea Boeing mzigo wake. Hata hivyo, kama kweli tulichoka kuona rubani wetu akihukumiwa kabla ya kusikilizwa, hatuwezi kumwondoa rubani kwenye orodha ya maswali kwa sababu tu ni wetu. Rubani aulizwe kama kila kitu kingine kinavyoulizwa, na ikionekana alikosea, swali lisiishie hapo. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, mwenye watoto nyumbani, aliona uamuzi ule ni sahihi wakati ule? Alikuwa ameona nini kwenye vioo vyake? Alifunzwa nini? Alilala saa ngapi? "Kosa la rubani" ni mahali pa kuanzia kazi, na nimesikitika kuona mara nyingi ndipo inapokunjwa.

Penye siasa hali huwa mbaya zaidi. Rais Samora Machel wa Msumbiji, aliyeongoza mapambano kutoka kambi za FRELIMO kwenye ardhi yetu, Nachingwea ikiwamo, alikufa tarehe 19 Oktoba 1986 ndege yake aina ya Tupolev ilipogonga vilima vya Mbuzini, Afrika Kusini. Tume ya Jaji Margo, iliyoundwa na serikali ya makaburu, iliwalaumu marubani wa Kisovieti. Wasovieti walisema ndege ilivutwa na mtambo wa uongo wa kuongozea ndege. Kila upande ulikuta ulichokuwa ukikihitaji. Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Afrika Kusini ilipoligusa jambo hilo mwaka 1998 haikuweza kuamua, ikashauri uchunguzi zaidi. Familia ile na taifa lile wamezeeka na swali.

Sasa nirudi kwetu milimani. Anga iliyo juu ya vichwa vyetu si ngeni kwa misiba. Mei 1955 ndege ya East African Airways iliyotoka Dar es Salaam kwenda Nairobi iligonga Kilimanjaro, wakafa wote 20. Mungu atuepushe, lakini tuseme siku moja ndege inaanguka katika misitu ya Magamba au Shagayu, au kwenye miamba hii inayoitazama Mombo, siku ya ukungu. Nani atakuwa wa kwanza kuona? Atakuwa mama anayeteremsha mboga kwenda Soni kabla ya jua. Atakuwa mfugaji wa Kimaasai kwenye nyika ya kuelekea Mkomazi. Atakuwa mpasua mbao, au mchoma mkaa. Na mchoma mkaa huyo, kama wenzake wa Ndola, atakuwa na sababu ya kujificha, kwa maana huenda hana kibali cha kuwa msituni. Ataona ndege inaanguka, kisha atafikiria faini na magunia yake, na atanyamaza. Hata pale Ndola baadhi ya wachoma mkaa waliishia jela, kwa kuchukua mashine ya kuandikia ujumbe wa siri waliyoikuta kwenye mabaki. Nani angejitokeza baada ya hapo?

Nawaomba basi mkubaliane mapema na Wakala wa Huduma za Misitu, polisi na halmashauri, kabla ya ajali yoyote, kwamba anayekuja kueleza alichokiona haulizwi alikuwa akifanya nini pale. Tangazo hilo litoke kwa mdomo wa mwenyekiti wa kijiji, msikitini na kanisani, siku ya kwanza. Wazee wetu wengine watasema kwa Kisambaa kilichonyooka yale ambayo kwa Kiswahili cha ofisini watayapinda ili wamridhishe mgeni. Tafuteni mkalimani wa hapohapo, andikeni maneno yao kama walivyoyasema, na msikilizeni kila mmoja peke yake kabla hawajaketi pamoja kulinganisha. Baada ya siku tatu za vijiwe, kijiji kizima kitakuwa kimeona kitu kimoja.

Nasi wananchi tuna deni letu. Kipande cha bati kilichoanguka shambani kinaweza kuwa ndicho kinachoeleza kama bawa lilikatika juu au lilivunjikia chini. Kikishapelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kimeondoka na jibu lake. Kinasa sauti na kinasa mwenendo wa ndege, ambavyo watu huviita kisanduku cheusi, kwa kweli vimepakwa rangi ya chungwa ili vionekane kwa urahisi. Mtoto akikiona, asikiguse, aite mtu mzima. Mambo haya yanaweza kufundishwa shuleni kwa nusu saa. Ningefurahi kumwona mmoja wenu akija Mombo au Lushoto kuyafundisha.

Kwa viongozi wanaowahi eneo la ajali, mawaziri na wakuu wa mikoa, nina ombi ambalo najua litawabana. Siku ya kwanza tuambieni kilichotokea, wapi, saa ngapi, watu wangapi. Msituambie kwa nini. Kiongozi akishatamka chanzo, mchunguzi aliye chini yake anabeba mzigo wa kumkosoa mkubwa wake, na si kila mtu ana kifua hicho. Waandishi wa habari nao wakumbuke kwamba marubani wana watoto wanaokwenda shule Jumatatu. Kumwita mtu mzembe kwenye ukurasa wa mbele, kabla vinasa havijasikilizwa, ni dhuluma ambayo sahihisho dogo la ukurasa wa ndani miezi 18 baadaye haliiponyi.

Ndugu wachunguzi, kwenu ninyi nina mawili ya mwisho. Taarifa zenu ziandikwe kwa Kiswahili pia, Kiswahili kamili, si muhtasari wa kurasa mbili, kwa kuwa waliofiwa Bukoba, na watakaofiwa kwingine, wana haki ya kusoma jinsi ndugu zao walivyokufa bila kumtafuta mtu wa kuwatafsiria. Mkiandika, onyesheni pia njia mlizozifuata zikaishia ukutani: tulishuku mafuta, tukayapima, tukakuta hivi, tulishuku injini, tukaifungua, tukakuta vile. Mtu aliyeamini kuna mkono wa mtu hataacha kuamini kwa kuambiwa ni mjinga. Anaweza kuacha akiona kwamba hata swali lake lilichukuliwa likatazamwa.

Na ajali ikitokea tena, siku hiyohiyo ya kwanza, tajeni mnachokijua, tajeni ambacho bado hamkijui, kisha mtupe namba ya simu ambayo mchoma mkaa anaweza kuipiga bila kuogopa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Abiria na mkazi wa Mombo